Chai kwa Waliokuja Kutufungua

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama Sauda, wageni walipopungua na vijana wakaanza kukunja viti vya kukodi, binti yake alinivuta jikoni kwake, huko Kibagabaga, Kigali, akafunga mlango kwa kisigino kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sahani. "Kaka," akasema, "kuna bibi pale nje anasema Baba aliwahi kuhutubia mkutano wa siasa. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. Akacheka. Baba yake, mjomba wangu Ramadhani, alikuwa mtu ambaye akiombwa kusema neno harusini alijifungia chooni mpaka mshereheshaji akate tamaa. Sauda alicheka peke yake kwa muda, kisha akaona uso wangu, akaweka sahani chini. "Alisema nini?" Mimi ninayeishi kwa kuandika, niliyewahi kulipwa na magazeti ya nchi tatu kueleza mambo nisiyoyajua, niliomba muda. Nikamwambia nitamwandikia. "Nyinyi waandishi," akasema, "mtu anawauliza jambo la kusimama, mnataka kwanza mletewe kiti."

Basi nimeletewa kiti, na naandika. Ninajua kwamba mtu wa Kigali akianza kuzungumzia miaka ile, msikilizaji anajiweka tayari kusikia habari za mwaka wa tisini na nne. Mwaka huo una wasimulizi wake, na mimi si mmoja wao. Nilikuwa Dar es Salaam, chumbani, sikio kwenye redio. Ninaousimulia ni mwaka wa tisini na mbili, ambao hakuna aliyekufa nyumbani kwetu, hakuna aliyepigwa hata kofi, na ambao hata hivyo unanishtua mpaka leo. Majina ya vyama siyataji, na rangi za bendera nimezibadilisha. Waliokuwepo watajua. Wasiokuwepo hawapotezi kitu, kwa sababu bendera ni kitambaa na mti, na habari yenyewe ni ya watu waliokuwa chini yake.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kule Butare, nikisubiri kupangiwa kazi, na wakati wa kusubiri nilikaa kwa Mjomba, Nyamirambo, upande wa Biryogo. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa hoteli ya Mama Sauda, yaani meza mbili ndefu zenye vitambaa vya plastiki, mabenchi yaliyoacha alama kwenye ukuta, kalenda ya msikiti, na pazia la maua lililotenganisha wanaokula na wanaoishi. Nyuma ya pazia ndipo nilipolala, kwenye godoro lililowekwa kati ya gunia la unga wa muhogo na gunia la maharage, nikiwa na shahada yangu ndani ya bahasha chini ya mto. Kabla jua halijatoka nilikuwa nasikia Mama Sauda akikanda unga wa maandazi, kofi moja baada ya jingine, kama mtu anayemwadhibu mtoto mnene. Kisha walikuja mafundi wa gereji, washonaji, waashi, nami niliamka kwa sauti zao: "Mama, chai iko?" "Iko." "Chapati iko?" "Iko." "Deni iko?" "Hiyo hapana iko, mwanangu, hiyo ilihama." Nilisikia mengi kupitia pazia lile kuliko niliyofundishwa Butare, ila wakati huo nilidhani nasubiri tu kifungua kinywa.

Mjomba alikuwa dereva wa direkteri, yaani mkurugenzi mmoja wa wizara, huko Kacyiru. Gari lililala Kacyiru na ufunguo ulilala Nyamirambo, kwenye mfuko wa shati lake, hata Jumapili. Alikuwa mtu wa maneno machache na viatu visafi. Kwenye ukosi wa koti lake la kazini kulikuwa na beji ya chama cha zamani, ya njano, ndogo kama kifungo. Hakuivaa kwa mapenzi wala kwa chuki. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa ya chama hicho. Mtu alizaliwa mwanachama kama anavyozaliwa na masikio. Ndipo vyama vingine viliporuhusiwa, na mji ukaota bendera.

Siwezi kumweleza Sauda jinsi zilivyoota. Leo unaweza kukaa wiki nzima bila kuona kitambaa cha chama kwenye nyumba ya mtu. Wakati ule, watu walikata mikaratusi michanga, wakaitoa maganda, wakaisimika kwenye baa, kwenye gereji, mbele ya kinyozi, kwenye ua wa nyumba zenye watoto wenye kamasi, na juu yake rangi. Kusimika kulikuwa na sherehe yake. Wenye mti waliimba, mwenye ua aliwapa cha kunywa, na majirani walisogea kuona nani amepewa na nani amenyimwa. Mimi nilitembea katikati ya rangi hizo nikiwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa wa bluu. Sikuwa na kadi, lakini moyoni nilikuwa bluu tupu, kwa sababu chama kipya kilisema maneno niliyoyapenda, na kwa sababu nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu na sikuwa nimewahi kumchagua mtu yeyote kwa lolote. Tena nilikuwa na nadharia. Nilisema hatuhitaji kungoja kura. Atembee tu mtu mwenye macho, aangalie bendera, naye atajua wananchi wanataka nini. Nilikuwa na vigezo. Mti ulionyooka ulikuwa na maana kuliko mti uliopinda. Bendera iliyofuliwa ilikuwa na maana kuliko iliyoachwa na vumbi. Bendera ya nyumbani ilizidi bendera ya baa, kwa sababu mwenye baa anatafuta wateja lakini mwenye nyumba anasema kilicho moyoni.

"Mjomba, jana nimeshuka mpaka Kimisagara," nilimwambia asubuhi moja. "Ni bluu mtindo mmoja. Watu wameamka."

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

"Mwanangu," Mama Sauda akasema kutoka jikoni, "miaka yote ile Butare walikuwa wanakufundisha kuangalia nguo zilizoanikwa?"

Meza nzima ikacheka. Bosco, fundi mwanafunzi wa gereji ya karibu, kijana mwenye mabega mapana na sauti ya kubembeleza, akagonga kikombe chake. "Mwacheni, mama. Huyu ni profesa. Profesa wa bendera!" Na kuanzia siku hiyo nikawa Profesa wa Bendera, mpaka kwa watoto wa njiani. Bosco alikuwa anakula kwa Mama Sauda kila siku, na siku za mwisho wa mwezi alikula kwa ahadi. Yeye ndiye aliyeongoza vijana wa bluu mtaani kwetu, na nilimpenda kwa hilo.

Ua wetu peke yake haukuwa na bendera. Nilimsihi Mjomba, nikimwambia si lazima iwe ya bluu, hata ya njano, ilimradi tuonekane tuna fikra. Akasema beji inatosha. "Nikiweka bendera nitalazimika kuichunga," akasema, "na mimi nina kuku wa kuchunga." Huo ndio msimamo pekee wa kisiasa niliowahi kuusikia kwake, nao ulinitia aibu mbele ya marafiki zangu wa Butare.

Katika miezi hiyo neno moja la Kinyarwanda lilianza kusikika nyuma ya pazia langu: kubohoza. Maana yake ni kufungua, kama unavyomfungua mbuzi kwenye kamba. Walisema vijana wa bluu wanazunguka wakiwafungua watu kutoka chama cha zamani. "Jana wamemfungua mwalimu kule chini." "Walimfungua vipi?" "Walimfungua yeye pamoja na paa la nyumba yake." Kicheko kidogo, kisha mtu akaomba sukari. Mimi nililala pale, msomi, nikisikia kila neno, na nilidhani ni tamathali ya usemi.

Walikuja kwetu Jumapili baada ya adhuhuri, wakiimba. Kwanza nilisikia wimbo nikautambua, na nikaharakisha kutoka, ninakiri, kwa tabasamu. Walikuwa vijana wengi, nusu yao wateja wetu, na begani mwao walikuwa na mti mrefu mweupe uliotoka kumenywa, ukinukia kama dawa ya kifua. Bosco alikuwa mbele. Walisukuma geti la mabati, wakaingia. Mjomba alikuwa ameketi kwenye stuli kivulini, akipaka viatu rangi, kiatu kimoja amekivaa mkono wa kushoto kama kikaragosi.

"Mzee, salama," Bosco akasema. "Sisi hapana kuja kwa ubaya. Tumekuja kukufungua."

"Kunifungua nini?"

"Chama cha zamani kimekufunga, mzee. Miaka yote."

"Sikufungwa," Mjomba akasema. "Nilikuwa nakula."

Wengine walicheka, Bosco hakucheka. Akauliza kadi iko wapi. Mjomba akasema iko biro, ofisini Kacyiru. Akauliza beji. Mjomba akaendelea kushika kiatu. Kijana mmoja akapita hotelini, akavuka pazia, nikamwona kwa mlango ulio wazi akilishusha koti la Mjomba kutoka msumarini. Nilitegemea alirarue. Hakulirarua. Aliitoa beji taratibu, akiminya pini kwa kucha ili asichane kitambaa, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, kisha akalirudisha koti mahali pake na kulinyoosha mabega. Hilo ndilo lililonitia baridi. Kama wangekuja na hasira ningejua niko wapi. Walikuja na adabu, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza kama tunataka.

Ardhi ya ua wetu ilikuwa changarawe tupu. Walianza kuchimba kwa panga na kipande cha bomba, wakashindwa. "Mzee," Bosco akasema, akijifuta uso, "mtaimbo iko?" Mjomba akaonyesha kwa kidevu upande wa banda la kuku. Aliyeuleta ni mimi. Hakuna aliyeniagiza, miguu yangu ilikwenda, mikono yangu ikaushika, nikaukabidhi kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu aliyelelewa vizuri. Na jua lilikuwa kali. Walipokezana mtaimbo, mgongo mmoja baada ya mwingine ukilowa, na nilipogeuka nikamwona Mama Sauda anatoka jikoni na sinia kubwa, ile ya Idi. Juu yake glasi za chai ya maziwa, mvuke unapanda, na pembeni bakuli la maandazi ya asubuhi.

Kila kitu kilisimama. Bosco aliweka mtaimbo chini, akanawa mikono kwenye ndoo, akapokea glasi kwa mikono miwili. "Asante, mama." "Kunyweni, wanangu." Wakanywa wamesimama kuzunguka shimo, wakipuliza chai, wakisifia tangawizi. Mmoja akaomba maandazi ya kumpelekea mdogo wake. Walipomaliza, kijana yule wa beji alikusanya glasi, akazisuuza mwenyewe, akazipanga kichwa chini. Kisha wakasimika mti, wakashindilia mawe kwenye shina lake, wakapandisha bluu, wakaimba, wakaaga. Juu ya ua wa miyenzi, yaani minyaa, upande wa pili, niliona kichwa cha jirani yetu Gaspari, tarishi katika wizara ileile ya Mjomba. Alikuwa ameangalia tangu mwanzo. Alinipungia mkono.

"Kwa nini umewapa chai?" nilimuuliza Mama Sauda, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyokusudia.

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua. "Wameshaingia ndani ya ua wangu. Jua linawaka. Bosco huyohuyo ninampa chai kila siku ya Mungu, leo nimwangalie tu anatoka jasho? Mimi nimezaliwa wapi?"

Nimeandika makala nyingi kuhusu uchaguzi tangu siku hiyo. Kuna nchi jirani ambako wenzangu bado wanapanda gari, wanapita mitaani, wanaangalia mabango kwenye kuta za watu na vitambaa kwenye paa, na jioni wanaandika kwamba mkoa fulani "umechangamka". Huwa nawasoma kwa makini ya mtu anayemsikiliza mlevi akieleza njia anayoifahamu. Ningependa kuwauliza kama walimwona mwenye nyumba. Ningependa kuwauliza nani alileta mtaimbo. Lakini siwaulizi, kwa sababu kwa miezi kadhaa mimi nilikuwa hodari kuliko wao, na kama ningepita mbele ya geti letu Jumatatu ile asubuhi bila kujua wanaoishi ndani, ningeona mti ulionyooka, bendera mpya, nyumba ya mtu wa serikali, na ningerudi kwa chai nikiwa na habari kubwa kuliko zote.

Jumatatu jioni Mjomba alirudi saa zake za kawaida. Kulikuwa na isombe, kisamvu cha kwetu, na ugali wa muhogo. Wateja wa mwisho walikuwa wameondoka, na tulikula kwenye meza ya hoteli, Sauda, mtoto mdogo wakati huo, akiwa amelala na kijiko mkononi. Mjomba alikula tonge tatu, akanawa, jambo ambalo hakuwahi kufanya kabla sahani haijaisha.

"Direkteri ameniita," akasema.

Mama Sauda akamtoa mtoto kijiko mkononi.

"Nikamwambia, bendera walileta wao kwa nguvu. Akasema, bendera naelewa, Ramadhani. Wamepanda bendera nusu ya mji, hata kwa shemeji yangu wamepanda. Siyo bendera inayonisumbua." Mjomba alijaribu kuiga sauti ya bosi wake na hakuweza, ilitoka sauti yake mwenyewe, ndogo. "Akasema, lakini chai, Ramadhani? Chai na maandazi?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, ilikuwa inachekesha. Kisha nikaona kwamba Mama Sauda ameweka mkono mdomoni. Mjomba alieleza kwamba alijaribu kumwambia direkteri ukweli, kwamba wale ni watoto wa mtaani, kwamba kulikuwa na jua, kwamba mke wake hawezi kumwona mtu anachimba bila kumpa kitu. Na kadiri alivyosema ukweli, ndivyo ulivyozidi kusikika kama uongo wa mtu asiyejua kudanganya. Gaspari alikuwa ameshasimulia habari ya sinia. Hakuna mtu katika wizara nzima aliyeweza kuamini kwamba mtu anavamiwa kisha anawapa wavamizi tangawizi. Na bado, nina hakika, hakuna mke hata mmoja wa watu wale ambaye angefanya vingine. Direkteri alimpa mpaka Ijumaa. Ang'oe bendera ya bluu, apandishe ya njano. Asipofanya hivyo, aache ufunguo.

"Ng'oa," nilisema. Mimi, bluu tupu.

"Na wakija?" Mama Sauda akauliza. Hakunitazama. Alikuwa anatazama paa la hoteli yake, mabati aliyoyanunua moja moja.

Alhamisi Mjomba alikwenda gereji kumwona Bosco, na aliniomba nimsindikize, nadhani kwa sababu ya shahada. Bosco alitoka chini ya gari, mafuta mpaka kwenye kope, akatuletea ndoo mbili tukae. Mjomba aliongea naye kwa heshima ambayo ilinichoma, mzee yule kwa kijana yule. Akasema atabaki mwanachama wao moyoni, atatoa mchango, atafanya lolote, ila mti utoke. Bosco alisikiliza mpaka mwisho. Alionekana kumwonea huruma kwa dhati.

"Mzee, mti ule siyo wako tena," akasema. "Na siyo wangu. Wakubwa watapita ile njia Jumapili, kwenda mkutano. Wataangalia. Wakikuta hapana bendera kwa dereva wa Kacyiru, mimi ndiye wataniuliza, Bosco, watu wako iko wapi? Unafikiri mimi sina mama?" Kisha akasogeza ndoo yake karibu. "Lakini sikia. Wizara zinagawanywa kwa vyama. Kesho keshokutwa direkteri wako atakuwa wetu. Njoo Jumapili, useme maneno mawili tu, kwamba umekuja wewe mwenyewe. Basi. Nani atakugusa tena? Ukisema mbele ya watu, umemaliza."

"Mimi siwezi kusema mbele ya watu."

"Maneno mawili, mzee."

Ijumaa alirudi kwa miguu kutoka Kacyiru, mji mzima, bonde na kilima, viatu vyekundu kwa vumbi. Hakuwa amekosa nauli. Alisema alitaka kuona kama bado anajua kutembea. Mfuko wa shati ulikuwa bapa. Mama Sauda alimvua viatu mwenyewe, hotelini, mbele ya wateja, na hakuna aliyeomba chochote mpaka alipomaliza.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mpira. Sikumbuki wakubwa walisema nini. Walisema yale niliyokuwa nayapenda. Nakumbuka bluu, bahari ya bluu, na kwamba kwa mara ya kwanza nilitazama wenye bendera badala ya bendera, nikijaribu kuona nani amefunguliwa na nani amejifungua, na sikuweza kutofautisha hata mmoja. Nyuso zote zilikuwa zinaimba. Kisha Bosco akapanda jukwaani akimshika Mjomba mkono. Mjomba alikuwa amevaa lile koti la kazini, sasa bila beji. Alipewa kipaza sauti, akakishika kwa mbali, kama kinauma.

"Mimi ni Ramadhani," akasema. "Dereva."

Nilitazama chini. Nilikuwa na hakika ataanguka.

"Watu wanasema nililazimishwa." Akakisogeza kipaza sauti karibu. "Sasa mimi nauliza. Nani analazimishwa, halafu anatoa mtaimbo wake mwenyewe?"

Watu wachache wakacheka. Aliinua kichwa, kana kwamba amesikia jina lake likiitwa.

"Nani analazimishwa, mke wake anawasha jiko? Niliwapa chai! Chai ya maziwa! Muulizeni Bosco kama ilikosa sukari!"

"Haikukosa, mzee!" Bosco akapiga kelele.

"Na maandazi!"

Uwanja ukapasuka. Ukweli uleule uliomfukuzisha kazi Kacyiru, neno kwa neno, ulikuwa unaruka juu ya vichwa vya watu, na kila mmoja aliuamini, kwa sababu nani angeweza kubuni maandazi? Mjomba aliendelea. Maneno mawili yakawa mia. Alisimulia shimo, changarawe, glasi zilizosuuzwa. Aliiga mwendo wa Gaspari akichungulia juu ya miyenzi, na watu wakashika mbavu. Mtu aliyejificha chooni harusini alikuwa anangoja kicheko kiishe ndipo aendelee, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Walimbeba mabegani. Nilitambua kwamba nami napiga makofi, kwa nguvu, viganja vinawaka moto, na sikujua nilianza saa ngapi.

Tulirudi pamoja, yeye na mimi, kwa njia ya juu. Alikuwa anatabasamu peke yake, kisha anaacha, kisha tabasamu linamrudia. Nilivumilia mpaka tulipobaki wawili tu.

"Mjomba. Ulikuwa unasema kweli?"

Alitembea kidogo kabla ya kujibu. "Nilipoanza, hapana," akasema. Akatembea tena. "Walipocheka mara ya kwanza, sijui. Baadaye sikuwa nafikiria jambo hilo." Kisha akaniuliza, na hakuwa anatania, macho yake yalikuwa yananitafuta kama ya mtoto aliyetoka mtihani: "Lakini nilisema vizuri?"

Nikamwambia alisema vizuri sana. Ndilo nililomwambia Sauda pia hatimaye, kwa simu. Baba yake hakupata kurudishiwa ufunguo, na wizara haikugawanywa kwa namna ambayo Bosco aliahidi. Miaka miwili baadaye walivuka mpaka na mtoto na sinia, na Mjomba amezikwa Tabora, ambako, nasikia, hakuwahi tena kusema mbele ya watu zaidi ya watatu. Bosco sijui aliko, na kwa watu wa miaka ile nimejifunza kutouliza. Lakini alichonitaka Sauda nimweleze ni siku ile, na siku ile haikuishia uwanjani.

Tulipofika nyumbani, Mama Sauda alikuwa bado hajarudi kutoka kwa jirani aliyemwachia mtoto. Njia ilikuwa tupu. Mtaa mzima ulikuwa bado mkutanoni. Upepo ulikuwa umeizungusha bendera kwenye mti mpaka ikabaki kama kamba, huwezi kutambua hata rangi. Mjomba alisimama chini yake, ameinua uso. Nilidhani sasa, kwa kuwa hakuna anayeona, ataitukana, au ataitemea mate, au angalau atapita. Akaingia hotelini, akatoka na kiti. Akaniambia nikishike, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa unacheza. Nikakishika. Akapanda na viatu vyake vya Jumapili, akanyoosha mikono, akaanza kuikunjua polepole, mzunguko mmoja mmoja, kisha akaushika upindo wake wa chini kwa vidole viwili na kuupapasa mpaka ukanyooka.